Mdogo wangu alitembea wiki tatu na mfupa uliovunjika: magonjwa ya neva ya kurithi na hatari ya kuvunjika mifupa

Mjukuu wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa ndugu wote. Ninaandika kutoka Tanga mjini, katika nyumba ya familia yetu huku Ngamiani, na ninaomba uvumilivu wenu kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kuelezwa kwa mistari miwili.

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akitembea kwa kunyanyua magoti juu kama mtu anayevuka mkondo wa maji. Miguu yake ilikuwa myembamba kuanzia chini ya magoti, vidole vilikuwa vimejikunja, na unyayo ulikuwa umeinuka sana katikati, hata alipokanyaga mchanga wenye majimaji pale Raskazone iliachwa alama ya kisigino na alama ya vidole, na baina yake mchanga haukuguswa. Wapo majirani waliosema ni polio, na wapo waliosema amerogwa na wenzake wa shamba la mkonge. Shangazi yetu alikuwa na miguu ya namna hiyohiyo, lakini hakuna aliyewahi kuwaunganisha ndugu hao wawili katika maelezo ya ugonjwa mmoja. Mdogo wangu, ambaye sasa ana miaka 34, alianza kujikwaa akiwa darasa la nne.

Miaka miwili iliyopita tulimpeleka Dar es Salaam, akapimwa kasi ya umeme katika neva (mishipa ya fahamu) za mkono na za mguu. Tulielezwa kwamba kwa mtu mzima mwenye afya neva za mkono hupitisha umeme kwa kasi inayofika mita 50 kwa sekunde au zaidi, na kwamba katika aina iliyo ya kawaida zaidi ya ugonjwa wake kasi hiyo hushuka chini ya mita 38. Yake ilikuwa chini mno ya hapo. Ugonjwa unaitwa Charcot-Marie-Tooth, kwa majina ya madaktari watatu walioueleza mwaka 1886, wawili Wafaransa na mmoja Mwingereza, na hilo neno la mwisho ni jina la mtu, halihusiani na meno. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watu 2,500 anao, kwa hiyo si nadra kama nilivyodhani. Katika aina nyingi za ugonjwa huu, mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto anayezaliwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Mimi sikuurithi, mdogo wangu ameurithi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Siku moja ya masika mguu wake wa kushoto ulipinda kwa nje kwenye ukingo wa mtaro, naye akasikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Hakusikia maumivu ya maana. Yeye ni fundi cherehani, akaendelea kukanyaga pedali ya cherehani yake kama kawaida, na kitu pekee alichokiona ni kwamba jioni kiatu cha kushoto kilikuwa hakiingii. Tulikwenda katika zahanati moja, tukaambiwa ameteguka, kwa sababu aliyevunjika hawezi kuja kwa miguu yake mwenyewe mpaka dirishani. Tukapewa dawa ya kuchua. Mama mdogo, kwa mapenzi yake, akamleta mkandaji, ambaye alimkanda kwa mafuta ya nazi ya moto kwa siku tatu mfululizo, na kwa kuwa mgonjwa hakulalamika, kila mtu aliona ni dalili njema.

Wiki ya tatu niligusa ule mguu kwa kiganja nikaukuta una joto kama la mtu mwenye homa, wakati mguu wa pili ulikuwa wa baridi. Ndipo tulipokwenda hospitali ya Bombo akapigwa picha ya eksirei. Mfupa wa tano wa wayo, ule wa upande wa kidole kidogo, ulikuwa umevunjika karibu na shina lake, na vipande vimeachana. Alifungwa hogo, yaani plasta ngumu, wiki sita. Lilipofunguliwa, misuli michache aliyokuwa nayo ilikuwa imepungua zaidi, na siku ya nne akaanguka bafuni akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, mkono ambao ndio unaomlisha yeye na watoto wake.

Ninachotaka kila mwenye ndugu wa namna hii akisikie ni hiki: mtu ambaye neva zake hazipeleki habari hawezi kukwambia kuwa amevunjika, kwa hiyo kutolia kwake si ushahidi wa chochote. Uvimbe wake na joto la ngozi yake ndivyo vya kusikilizwa, si mdomo wake. Ningeomba wenye ujuzi watusaidie kuelewa kwa nini mifupa ya watu hawa inavunjika, na tufanye nini kabla ya mara ya tatu.

Mkufunzi wa Viungo

Dada Mjukuu, pole sana, na umpe pole mgonjwa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, ninafanya kazi hapa hapa mkoani, na mambo uliyoyaeleza nimeyaona kwa watu wa familia nyingine, karibu kwa mpangilio uleule.

Watu wengi wakisikia mtu amevunjika mara mbili katika mwaka mmoja hudhani mifupa yake imeoza au imeliwa na ugonjwa. Katika ugonjwa huu neva haili mfupa. Kinachotokea ni mlolongo, na kila pete ya mlolongo huo inaweza kushikwa na kuzuiwa, ndiyo maana inafaa kuufahamu.

Fikiria mlingoti wa jahazi. Husimama wima kwa sababu kamba za pande zote zinauvuta kwa nguvu zinazolingana, na kamba za upande mmoja zikilegea, mlingoti utalalia upande wa pili ingawa mti wenyewe ni mzima. Mguu ni hivyohivyo. Katika Charcot-Marie-Tooth neva ndefu ndizo zinazoathirika mwanzo, na misuli ya mbele ya muundi pamoja na baadhi ya ile ya upande wa nje hudhoofika mapema kuliko ya ndani na ya nyuma. Misuli iliyobaki na nguvu huuvuta wayo kuelekea ndani mwaka hadi mwaka, unyayo ukainuka katikati, kisigino kikageukia ndani, na mtu akawa anakanyagia ukingo wa nje. Ndiyo alama ile uliyoiona mchangani kwa marehemu mzee wako. Uzito wote uliopaswa kugawanywa kwenye wayo mzima sasa unaangukia kisigino, vichwa vya mifupa ya mbele, na ule mfupa wa tano.

Mfupa huo una bahati mbaya ya pekee. Mahali ulipovunjika mdogo wako, karibu na shina, damu hufika kwa uchache, kwa hiyo huunga polepole, na wakati mwingine hauungi kabisa bila upasuaji. Mvunjiko wa sehemu hiyo unajulikana kwa jina la Robert Jones, daktari wa Uingereza aliyeuandika mwaka 1902 baada ya kuvunjika yeye mwenyewe akicheza dansi. Jones alikuwa na neva nzima, akajua papo hapo kuwa kuna kitu. Na hata ukishaunga, ikiwa wayo bado unakanyagia ukingo uleule, mfupa unaweza kuvunjika tena palepale, kwa sababu kilichouvunja hakijaondolewa.

Pete ya pili ni kuanguka. Ncha ya mguu hainyanyuki, inajikwaa kwenye zulia au kwenye kokoto ndogo. Zaidi ya hapo, neva zilizoharibika ndizo zinazoujulisha ubongo mguu upo wapi na umekaa vipi. Wewe ukifumba macho unajua kifundo chako kimekaa namna gani, lakini yeye anajua kwa kutazama. Ndiyo sababu wengi wao huanguka usiku, au wanapojimwagia maji usoni bafuni wakiwa wamefumba macho. Nakuomba umuulize mdogo wako kama siku ile alikuwa ananawa uso.

Pete ya tatu ni mfupa wenyewe, nayo ndiyo inayosahaulika. Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Wanaanga, ambao ni watu wenye afya kuliko wengi wetu, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kwa kila mwezi wanaokaa angani bila uzito. Mtu anayetembea kidogo kwa sababu anaogopa kuanguka, na ambaye misuli yake haivuti mifupa kama inavyopaswa, anapoteza kwa njia hiyohiyo akiwa hapa duniani. Kisha tunamfunga hogo wiki sita, tunamwambia atulie. Ninawaheshimu sana madaktari wa mifupa, na hogo lilikuwa la lazima, lakini mgonjwa wa aina hii angeanza mazoezi ya paja, nyonga na mikono akiwa bado amefungwa, na siku ya kulifungua angekabidhiwa fimbo na mtu wa kumshika, si kuachwa arudi bafuni peke yake. Mvunjiko wake wa pili, kwa maoni yangu, ulitokana na namna tulivyoutibu ule wa kwanza.

Mjukuu wa Ngamiani

Nimemuuliza. Alikuwa anatia udhu, ananawa uso, macho ameyafumba. Tumekaa kimya wote wawili tulipoisoma sentensi yako.

Mwalimu Mstaafu, Mabawa

Wanangu, nimesoma kwa makini. Mke wangu ana mpwa mwenye miguu ya namna hiyo, na katika ukoo wetu tiba inayosisitizwa ni maziwa na supu ya mifupa. Je, chakula kina nafasi gani? Na hilo jua linalozungumzwa sana, mbona sisi wa pwani jua tunalo mwaka mzima?

Mkufunzi wa Viungo

Mwalimu, shikamoo. Chakula kina nafasi yake, ingawa hakitanyoosha wayo uliopinda. Mtu mzima anahitaji takribani miligramu 1,000 za kalisi (kalsiamu) kwa siku, na kwa mji kama wetu dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri na cha bei nafuu, pamoja na mtindi kwa wanaoupata. Supu ya mifupa ina ladha na ina faida nyingine, lakini kalisi inayotoka mfupani kwenda kwenye mchuzi ni kidogo kuliko watu wanavyoamini.

Kuhusu jua, kuishi pwani si sawa na kulipata. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani ili kutengeneza kiasi kilekile cha vitamini D, na mgonjwa anayeshinda ndani ya chumba cha cherehani, au mama aliyejisitiri mwili wote ambaye kwa sababu ya miguu haendi sokoni wala shambani, anaweza kuwa na upungufu huku nje jua linachoma bati. Uani asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi kwa muda, ni jambo linalowezekana katika nyumba zetu nyingi.

Nina nyongeza moja ambayo ni nzito kuliko maziwa. Wapo wagonjwa waliopewa prednisoloni kwa miezi mingi kwa sababu ugonjwa wao ulidhaniwa kuwa uvimbe wa neva unaotokana na kinga ya mwili. Dawa hiyo haitibu ugonjwa wa kurithi, lakini hupunguza mifupa kwa hakika. Dawa za kifafa za zamani, kama fenobabitali na fenitoini, nazo hushusha vitamini D zikitumiwa kwa miaka. Asiache mtu dawa yoyote kwa kusoma hapa, ila amuulize daktari wake waziwazi kuhusu mifupa. Ipo pia dawa ya saratani iitwayo vinkristini, ambayo inaweza kumlemaza mwenye Charcot-Marie-Tooth ndani ya wiki chache, kwa hiyo ugonjwa huu utajwe kila hospitali mgonjwa anakokwenda, hata kama amekwenda kwa jambo lingine.

Mama wa Pangani

Nimesita siku mbili kabla ya kuandika. Mwanangu wa kiume ana miaka saba, na ugonjwa wake si huo mnaouzungumza, ingawa nao ni wa neva na wa kurithi. Yeye amezaliwa bila kusikia maumivu kabisa, na mwili wake hautoi jasho. Madaktari walituambia kuwa ni kasoro ya jeni ambayo mtoto huipata akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wazazi wenyewe hawana dalili yoyote. Mimi na mume wangu ni watoto wa ndugu, mambo ya kawaida katika familia za pwani, na wala hatukujua kwamba tumebeba kitu kilekile. Kwa kila mimba uwezekano ni mmoja kati ya minne. Ninaliandika hili bila kumlaumu babu yeyote wala kuitukana ndoa yangu.

Alipoota meno aliutafuna ulimi wake mpaka ukatoka damu, naye anacheka. Akiwa na miaka mitatu aliruka kutoka kwenye baraza, akaendelea kukimbia na watoto wenzake mpaka magharibi, na nilipomwogesha nikaona paja limevimba na limepinda. Lilikuwa limevunjika. Hospitali tuliyofika kwanza mtumishi mmoja alinitazama machoni akaniuliza nimempiga na nini. Nililia kwa namna ambayo mwanangu hajawahi kulia. Tangu siku hiyo ninatembea na barua ya daktari ndani ya mkoba, imefungwa kwenye plastiki, inayosema ugonjwa wa mtoto ni nini na kwamba kuvunjika bila kilio ni sehemu ya ugonjwa huo. Yeyote mwenye mgonjwa wa neva namshauri aombe barua kama hiyo.

Nimejifunza kumkagua kila jioni kama mtu anayekagua wavu baada ya kuvua. Ninaanza na vidole, nyayo, vifundo, magoti, viwiko, kisha mdomo. Naangalia pande mbili kwa pamoja, kwa sababu mguu mmoja peke yake haukwambii kitu, lakini ukiulinganisha na mwenzake unaona tofauti. Kama alivyosema Dada Mjukuu, joto la kiganja ndilo lililoniokoa mara mbili. Na kwa sababu hatoi jasho, joto la Disemba ni hatari nyingine kubwa kwake, tunamlowesha maji na kumweka kivulini, maana homa inaweza kumpanda bila malaria wala maambukizi yoyote.

Goti lake la kulia sasa ni kubwa kuliko la kushoto na linalegea. Tumeambiwa kiungo kinaweza kubomoka polepole kikiumizwa mara kwa mara bila mwenyewe kujizuia. Ningependa mtaalamu alieleze hilo, kwa sababu mimi nilielezwa kwa haraka na nikatoka na neno moja tu, nalo ni kwamba asiruke.

Mkufunzi wa Viungo

Mama wa Pangani, Mungu akupe nguvu, na umefanya vema kuandika. Kiungo hicho huitwa kiungo cha Charcot, na ni Charcot yuleyule wa jina la ugonjwa wa mdogo wake Dada Mjukuu. Alikieleza mwaka 1868 kwa wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imeharibu uti wa mgongo wao. Siku hizi wengi wanaokipata ni wenye kisukari cha muda mrefu, ndiyo maana manesi wa kliniki za kisukari wanakifahamu kuliko watu wengine, na unaweza kuwatumia.

Sisi tusio na ugonjwa, tukiumia goti kidogo, tunachechemea. Kuchechemea kule ndiko kunakolinda kiungo, kwa kuwa tunakiondolea mzigo bila hata kuwaza. Mwanao hachechemei. Anakanyaga juu ya ufa mdogo, ufa unakuwa mkubwa, mwili unajaribu kuuziba kwa mfupa mwingi usio na mpangilio, na kiungo kinapoteza umbo lake. Mwanzoni kinakuwa chekundu, kimevimba na kina joto, na wengi hukidhania kuwa kina usaha. Katika kliniki za kisukari tofauti ya nyuzi 2 za Selsiasi au zaidi kati ya mguu mmoja na wa pili huhesabiwa kuwa onyo. Tiba ya kipindi hicho ni kuondoa mzigo kabisa mpaka joto lishuke, hata ikichukua miezi. Kwa hiyo neno la asiruke halikutosha. Anahitaji goti lishikiliwe kwa kifaa, apigwe picha mara goti linapokuwa na joto, na afundishwe kucheza michezo ya kukaa na ya majini, akiwa na mtu wa kumwangalia.

Kijana wa Bagamoyo

Kwa heshima ya wote, mjomba wangu huku Bagamoyo ana ugonjwa huo wa kwanza, na familia iliamua akae tu. Analetewa chakula, anaogeshwa, hajaanguka tangu mwaka juzi. Je, si njia salama zaidi?

Mkufunzi wa Viungo

Ndugu yangu, nia ya familia ni njema, lakini mmehamisha hatari kutoka sakafuni mkaiweka ndani ya mifupa. Mtu aliyekaa miaka miwili bila kusimama anaweza kuvunjika paja wakati wa kuhamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Mjomba asimame, akiwa ameshikilia meza au dirisha la nondo, mara kadhaa kwa siku, na mtu awe nyuma yake. Kuogelea na baiskeli ni vizuri kwa moyo na misuli, na najua sisi wa mwambao tunavipenda, ila havibebeshi mifupa uzito, hivyo haviwezi kuchukua nafasi ya kusimama na kutembea.

Fundi wa Vifaa Saidizi

Nimesomea utengenezaji wa viungo bandia na vifaa saidizi pale Moshi, katika chuo kilichopo hospitali ya KCMC ambacho kimekuwa kikifundisha kazi hii tangu mwaka 1981, na nimefanya kazi katika mikoa mitatu. Naomba niongeze ya upande wangu, kwa sababu wagonjwa wengi hufika kwangu wakiwa wamekwisha kuvunjika.

Mdogo wako, Dada, asivae kandambili tena. Kandambili hushikwa kwa nguvu ya vidole, na vidole vyake havina nguvu hiyo, kwa hiyo kila hatua ni jaribio la kuanguka. Anahitaji kiatu cha kufunga kwa kamba, chenye kisigino kipana na kigumu. Ndani yake tunaweka soli tunayoinyanyua kidogo upande wa nje na kuichimba chini ya mzizi wa kidole gumba, ili ule mfupa wa mbele wa ndani uliozama upate mahali pa kukaa, na kisigino kirudi katikati. Kabla ya kuikata soli tunamsimamisha mgonjwa juu ya ubao mwembamba, kisigino na ukingo wa nje vikiwa juu ya ubao na upande wa kidole gumba ukining'inia. Kisigino kikinyooka, soli itamsaidia. Kisiponyooka, wayo umekwisha kukakamaa, na hapo tunamrudisha kwa daktari wa upasuaji aamue.

Kwa kunyanyua ncha ya mguu tunatumia kifaa cha plastiki ngumu kinachopita nyuma ya muundi na chini ya unyayo. Tunachukua umbo la mguu kwa jasi, kisha tunaipasha plastiki joto mpaka ilainike na kuifinyanga juu ya umbo hilo. Kikikaa vizuri, mtu huacha kunyanyua magoti siku hiyohiyo, na nimewaona watu wazima wakitoka nje kwenda na kurudi mara nne kwa furaha ya kuamini. Lakini mguu wenye ganzi hautamwambia kifaa kinapombana. Wiki za kwanza avae saa chache, avue, akague ngozi, na wekundu ukikaa zaidi ya nusu saa akirudishe tukirekebishe. Hogo nalo lina hatari hiyohiyo, liwekwe pamba ya kutosha, na harufu au doa lolote lisisubiri tarehe ya kliniki.

Mwalimu Mstaafu, Mabawa

Swali langu ni la utamaduni wetu. Hapa kwetu hakuna anayeingia ndani na viatu, wala msikitini. Kifaa hicho kinavaliwa na kiatu. Mgonjwa afanyeje?

Fundi wa Vifaa Saidizi

Shikamoo Mwalimu. Swali hilo ni la msingi, kwani anayekivua mlangoni anatembea bila kinga mahali penye vigae. Ninawashauri wawe na jozi ya pili ya viatu vya ndani visivyotoka nje, vinavyobaki safi. Familia nyingi zimekubali baada ya kuelezwa.

Mjukuu wa Ngamiani

Nimerudi baada ya wiki saba, na ninawashukuru kila mmoja kwa jina lake.

Tumeondoa zulia dogo la mlangoni na mkeka wa ukumbini. Bafuni tumeweka kiti cha plastiki kizito na chuma cha kushikilia ukutani, na udhu anatia akiwa ameketi. Tuna taa ya betri njiani kati ya kitanda chake na choo, kwa sababu umeme hukatika usiku. Imamu wetu mwenyewe alikuja nyumbani kumwambia kwamba mgonjwa ameruhusiwa kuswali juu ya kiti, na kwamba hapungukiwi thawabu, jambo ambalo mdogo wangu alikuwa akilikataa kwa aibu. Amepata viatu, soli na kifaa cha mguu wa kushoto.

Lakini nimeandika hasa kwa ajili ya mguu wa kulia. Tangu nilipomsoma Mama wa Pangani, kila jioni nimekuwa nikiigusa miguu yote miwili kwa pamoja. Wiki ya tatu niliukuta ukingo wa nje wa mguu wa kulia una joto, bila uvimbe unaoonekana na bila maumivu. Tukaenda kupiga picha, nayo haikuonyesha kitu. Zamani ningerudi nyumbani nikamshukuru Mungu nikasahau. Safari hii nilimwomba daktari, nikimweleza habari ya mguu wa kushoto, naye akakubali kwamba ufa mdogo unaweza kujificha katika picha za mwanzo, akatuambia mgonjwa asiukanyagie mguu huo na turudi baada ya wiki mbili. Picha ya pili ilionyesha mstari mwembamba katika mfupa wa tano, palepale ulipovunjika wa kushoto, ila vipande havijaachana. Hakufungwa hogo. Amepewa buti ngumu ya kuvua na kuvaa, anatembea kwa magongo, na mazoezi ya mapaja anayafanya kila siku kitandani.

Cherehani yake tumeifunga mota ndogo inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto, kwa hiyo hajaacha kazi. Jana alikata kipande cha kitambaa cheupe, akadarizi maneno kwa uzi mwekundu, akakishona ndani ya mfuko wa shati lake. Kimeandikwa: "Nina ugonjwa wa neva wa kurithi. Miguu yangu haisikii maumivu. Ukiikuta imevimba au ina joto, nipige picha hata kama natembea." Ameshona kingine kidogo kwa ajili ya mtoto wa Mama wa Pangani, na ninaomba anitumie ujumbe nijue nimfikishieje.